Nani Atamlipa Fundi?

Jumatano, tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia saa moja jioni hakuna atakayeingia wala kutoka Mji wa Kale, Mombasa. Eastleigh ya Nairobi ilifungwa kwa tangazo hilohilo. Tuliambiwa siku 15. Zilipokwisha zikaongezwa nyingine, Idd ikatukuta ndani, na njia hazikufunguliwa mpaka Juni. Kafyu ya usiku tulikuwa tumeshaizoea tangu mwisho wa Machi, na tangu Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi kila moja ilikuwa imefungiwa peke yake. Lakini kuwekewa polisi kwenye vichochoro vya mtaa wako mwenyewe, ukaulizwa unakwenda wapi na huku nyumba ya shangazi yako unaiona, lilikuwa jambo jingine.

Nilikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Wakati huo tuliitwa wa kujitolea, na ndivyo ilivyokuwa: mshahara hakuna, ila nauli mara mojamoja mradi fulani ukipita. Unakabidhiwa kaya kama mia hivi, unazijua moja moja. Nani ana sukari, nani mja mzito, mtoto wa nani hajamaliza chanjo, nani anamficha mgonjwa wa kifua kikuu nyuma ya pazia. Korona ilipoingia sisi ndio tuliotangulizwa mbele, kwa kuwa tukipiga hodi tunafunguliwa.

Somo la kwanza tulilotumwa kufundisha lilikuwa la kunawa mikono. Bi mkubwa mmoja wa Kibokoni, anayekaa katika nyumba ya ghorofa ya zamani ambayo sasa imekatwakatwa vyumba vya kupangisha, alinitazama nikimwonyesha: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, chini ya kucha, sekunde 20 bila kupunja. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Mwanangu, maji haya nkinawa nayo yote, wali ntapikia nini?"

Hakuwa akinifanyia mzaha. Mombasa ni kisiwa, na maji matamu yake hutoka kwa wenyewe. Bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, huyaleta kutoka chemchemi zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, safari ya zaidi ya kilomita 200. Mengine hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na mengine Marere na Tiwi kule Kwale. Yote yakijumlishwa hayafiki nusu ya mahitaji ya mji. Mfereji wa Mji wa Kale waweza kukaa mkavu siku nyingi, kisha ukakohoa maji saa nane za usiku, aliyelala yakampita. Pengo hilo huzibwa na vijana wa mikokoteni, mitungi ya lita 20 imepangwa safu, wakipiga kelele ya "maji, maji" mpaka kwenye ngazi yako. Wengi wao hawalali Mji wa Kale. Zuio lilipowekwa, wao wakawa upande wa pili, na mitungi michache iliyopenya ikapanda bei.

Serikali na wafadhili hawakukaa bure. Tangu Machi yaliletwa matangi meusi ya plastiki yenye mifereji, yamekalishwa juu ya vyuma vilivyochomelewa kwa haraka, na ubavuni yameandikwa majina ya waliotoa. Mengine yalikuwa na kanyagio ili usishike mfereji kwa mkono. Yaliwekwa sokoni, stendi za matatu, nje ya benki, pembezoni mwa Makadara. Wiki za mwanzo palikuwa na foleni, sabuni ya maji kwenye chupa, hata kijana wa kuwaelekeza watu. Halafu sabuni ikaisha. Boza la maji likaanza kuja siku moja na kukosa tatu. Mfereji mmoja ukang'olewa, mwingine ukawa unavuja na hakuna ajuaye aambiwe nani. Tangi moja, muuza kahawa tungu aliligeuza meza ya vikombe vyake, na kwa kweli ndiye mtu pekee niliyemwona akilipangusa vumbi.

Sitaki kuyabeza matangi hayo. Yalitolewa kwa nia njema na yalifaa yalipofaa. Lakini nilikuwa nikiyapita kila siku nikielekea msikitini, na nikiwa msikitini naona jambo la pili kabisa.

Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi. Adhana inasomwa, waumini wanaswali nyumbani, na Ramadhani ile hapakuwa na tarawehe. Misikiti ya zamani ya Mombasa, kama ilivyo misikiti ya pwani yote, ina kisima na birika la kutawadhia. Kamati ya msikiti wa karibu nasi ilikaa kikao kifupi barazani, watu wametengana, ikakubaliana jambo moja: milango ya kuswalia ibaki imefungwa kama ilivyoamriwa, ila mlango wa uani, wa kisimani, ufunguliwe asubuhi na alasiri kwa yeyote mwenye mtungi. Wanawake saa zao, wanaume saa zao. Mwadhini akachora mistari ya chokaa sakafuni ili watu wasisongamane. Maji ya visima vyetu yana chumvi, tena vyoo vya mtaa viko karibu mno, hivyo hayafai kunywa wala kupikia, na kila aliyekuja niliendelea kumkumbusha. Lakini kwa kunawa, kuogea, kufulia na kuoshea vyombo, yalimwachia bi mkubwa wa Kibokoni mtungi wake wa maji matamu kwa ajili ya wali.

Siku moja mota ya kisima ikaungua. Nilikuwapo. Nilidhani ndiyo basi, maana nilikuwa nimeshayaona matangi. Mwadhini akatoa simu, akampigia fundi, akamtajia kilichoungua. Fundi alikuwa ndani ya zuio, anakaa Kuze. Kabla ya adhuhuri mota ilikuwa imefunguliwa, na jioni watu waliteka. Fundi hakuuliza kama atalipwa wala lini. Alijua.

Nimelifikiria sana jambo hilo kuliko takwimu zote za jioni za wizara. Kwa nini alijua? Kwa sababu msikiti ule una wakfu. Mtu mmoja, kizazi kilichopita huko, aliutolea maduka, kodi yake iutunze: mafuta ya taa enzi zile, umeme sasa, mkeka, ndoo, mota. Aliyetoa hakuwa na habari ya korona. Aliwazia tu kwamba kamba ya ndoo itakatika siku moja na mtu atahitaji hela ya kununua nyingine. Utunzaji uliwekwa kabla kitu hakijaharibika.

Wakfu nao ulitikisika, tuseme kweli. Wapangaji wa maduka walikuwa wamefunga biashara, kodi ikawa haiji, na sanduku la Ijumaa likakauka pamoja na Ijumaa yenyewe. Hapo ndipo simu zilipotusaidia. Tangu katikati ya Machi ada ya kutumiana chini ya shilingi 1,000 kwa M-Pesa ilikuwa imeondolewa, na watu wakawa wanamtumia mweka hazina shilingi 50, shilingi 100, wengine wako Jeddah na Leicester lakini bibi yao anateka maji pale. Kila Ijumaa mweka hazina aliandika hesabu kwenye karatasi na kuibandika mlangoni: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, kwa nini. Karatasi ile ilisomwa kuliko gazeti.

Hofu ya maradhi na hesabu ya maji vimeandamana pwani hii muda mrefu. James Christie, tabibu aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, akafuatilia jinsi ugonjwa wa 1869 na 1870 ulivyoshuka kutoka bara kwa njia za misafara hadi pwani ya Pangani na kuvuka kuingia kisiwani. Seyyid Barghash alitawazwa kuwa sultani wa Zanzibar mwaka huo wa 1870, na wakati wa utawala wake maji ya chemchemi yakavutwa kwa mabomba hadi mjini. Ule ugonjwa ulipita. Bomba likabaki, kwa kuwa watu walikuwa wakilitumia kila siku na kulipigia kelele likikatika.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wa kazi hawalipendi. Maji tuliyoyahubiri mno hayakuwa kinga kubwa ya korona kama tulivyodhani mwanzoni. Kadiri miezi ilivyokwenda, wataalamu walizidi kusisitiza hewa: ugonjwa huu husafiri zaidi kwa pumzi, katika vyumba vilivyofungwa vyenye watu wengi. Kunawa mikono kulizuia mengine, ya tumbo hasa, na hiyo si faida ndogo. Lakini kwa kipimo cha hewa, mengi yaliyofanywa mtaani kwetu yalikuwa kinyumenyume. Wazee wetu hukaa barazani jioni, nje, upepo wa bahari unapita kichochoroni. Askari waliwafurusha waingie ndani. Ndani ni chumba kimoja, dirisha moja limezibwa kwa kabati, watu saba. Kivukoni Likoni, siku ya kwanza ya kafyu, tarehe 27 Machi, polisi walirusha mabomu ya machozi kwa watu waliokuwa wakikimbilia feri warudi makwao. Picha za abiria waliolazwa chini wamebanana, wakikohoa, zilizunguka dunia nzima. Kama kulikuwa na siku moja ya kueneza ugonjwa wa kifua, ilikuwa ile.

Kupima ndiko kulikonipa kazi ngumu kuliko zote. Mji wa Kale ulifungwa kwa sababu vipimo vilionyesha maambukizi mengi, na jibu la wakubwa lilikuwa kupima zaidi. Watu wakakataa. Magazeti yakaandika kwamba sisi ni wakaidi, wajinga, tunafuata uvumi. Uvumi ulikuwapo, sikatai. Lakini mimi niliyeingia majumbani nilisikia hesabu, tena hesabu safi. Hadi mwezi ule wa Mei, aliyepelekwa karantini alitakiwa kujilipia malazi na chakula, kila siku, mpaka aachiliwe. Mbeba mizigo wa bandarini anayelipwa kwa siku, ukimpima leo ukamkuta nao, umempokonya mshahara, kisha unampa bili. Nani angenyoosha pua yake? Mama mmoja alinieleza akiwa kasimama mlangoni, mwanawe wa kiume anakohoa ndani: "Mie simfichi. Nakificha kipato."

Serikali ilipotangaza kwamba itabeba gharama ya karantini katika vituo vyake, haikuwa mara moja watu wakaamini, maana waliokwisha kudaiwa walikuwa bado wanasimulia. Kulikuwa na hofu nyingine pia, ya maziko. Aprili tulikuwa tumeona kwenye simu zetu maziko ya usiku kule Siaya, mwili umetupwa kaburini kwa haraka na watu waliovaa mavazi meupe, na nchi nzima ikaghadhibika. Kwetu sisi, ambao kumwosha maiti na kumswalia ni deni la walio hai, ile video ilifunga milango mingi kuliko polisi. Iliyofungua milango ni masheikh kueleza kwa utaratibu, kwa spika ya msikiti, kwamba dharura ina hukumu zake, maiti aweza kutayamamishwa, na kwamba ndugu wachache watakuwepo kaburini. Baada ya hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza, "Haya, njooni mpime." Daktari kwenye televisheni alikuwa amesema maneno hayohayo kwa wiki kadhaa.

Riziki nayo. Mombasa hula jioni. Magharibi ikiingia ndipo majiko yanawashwa: viazi karai, mshikaki, mahamri na mbaazi, maji ya ukwaju, na kwa mwezi wa Ramadhani kaimati na mkate wa sinia. Kafyu ya saa moja jioni iliikata biashara hiyo shingo. Bara mtu aliweza kuuza mchana akafunga mapema, lakini hakuna mtu wa Mombasa anayekula kiazi karai saa sita mchana kwenye jua. Wanawake wa chama chetu wengi walikuwa wauzaji wa aina hiyo. Chama kina kanuni: mchango kila wiki, zamu kwa mpangilio, atakayekosa hutozwa faini. Tulikutana kwa simu, kelele tele, tukabadili kanuni. Faini ikaondolewa, mchango ukawa kila mtu awezavyo, na zamu ikaacha kufuata orodha ikafuata shida. Mmoja alijifungua, tukampa. Mwingine mume wake alikuwa mpishi wa hoteli huko Diani, hoteli ikafunga, akarudishwa nyumbani bila mshahara, tukampa. Walikuwapo waliochukua na hawajarudisha mpaka leo, na tunakutana nao harusini na kucheka nao. Chama kingevunjika kwa kudaiana. Wanawake wazima walilipima hilo wakaona ni afadhali hasara ya fedha.

Vijana walipata Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa kufagia mitaa na kuzibua mitaro kwa shilingi 455 kwa siku. Miezi ile mitaro yetu ilipitisha maji kama nilivyokuwa sijaona. Mpango ukasimama, chupa za plastiki zikarudi mitaroni.

Julai 2020, njia za kutoka Mombasa zilipofunguliwa, nilivuka feri kwenda Gazi, Kwale, kumwona dada ya mama yangu. Njia nzima nilikuwa nikimwandalia mawaidha ya kunawa mikono. Nikamkuta anateka maji kijijini, mfereji unafanya kazi, na yeye ndiye aliyeniuliza mbona nina vumbi. Gazi na jirani yao Makongeni wana mikoko. Tangu mwaka 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja huuza hewa ya ukaa, yaani mikoko ikiachwa isimame hufyonza kaboni na kuifungia kwenye tope, na wanunuzi wa nje hulipia kiasi kilichofungiwa. Ulikuwa mradi wa kwanza wa kijamii duniani kufanya hivyo kwa mikoko, na mwaka 2017 ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Eneo lenyewe si kubwa, hekta 117. Fedha zenyewe nazo si za kutajirisha mtu. Huingia kwa mwaka, kamati ya kijiji hukaa na wanakijiji kuamua, na kwa miaka kadhaa wamezielekeza kwenye maji, vitabu vya shule na vifaa vya zahanati.

Kilichonishika ni wakati wake. Miezi ile Kwale ilikuwa imebanwa kama sisi, hoteli za Diani zimefunga, watu wamerudi baharini na misituni kutafuta cha kupika na cha kupikia. Pale Tudor, upande wetu, mikoko ilikatwa kuni na mkaa. Gazi mtu mwenye shoka alikuwa na sababu ya kufikiri mara mbili: ule mti ndio mfereji wa mamaye. Sisemi hakuna aliyekata. Mama mdogo alinitajia wawili, kwa majina na kwa ukoo. Lakini kule mkataji huonekana amekata bomba la kijiji, na mkutano huitwa.

Nikarudi Mombasa na jambo moja kichwani, nalo sijaacha kulisema kwenye kila semina ninayoalikwa, hata waandaaji wakichoka nami. Msikiti una maduka, Gazi wana mikoko, tangi la plastiki lina jina la mfadhili. Viwili vya kwanza vina chanzo cha fedha kisichongoja maradhi, na vina watu wanaovitazama kila asubuhi kwa sababu zao wenyewe. Cha tatu kilikuwa na uzinduzi. Jamii hupona kwa vitu ilivyokuwa ikivitunza kabla ya kuugua. Vinavyoletwa katika taharuki husaidia taharuki, na vikiharibika hurudi kuwa taka.

Na hapo sisi wahudumu tujihesabu wapi? Tulikuwa matangi yenye miguu. Tulitumwa na fulana na barakoa, tukasifiwa kwenye hotuba, na wimbi liliposhuka simu zikaacha kulia. Chanjo za kwanza zilipofika Machi 2021 tukaitwa tena, tubishe hodi zilezile tuwashawishi watu walewale. Wenzangu kadhaa wakaacha, mmoja akafungua genge la mboga, na simlaumu. Mabadiliko yalikuja Septemba 2023, serikali ilipozindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba yenye kipima shinikizo la damu, kipima sukari na mizani, pamoja na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Fedha hizo hazimlishi mtu, na kuna miezi nusu moja hutangulia na nusu ya pili ikachelewa. Lakini ziko kwenye bajeti. Nimeshamkuta bi mkubwa wa Kibokoni shinikizo limepanda, nikampeleka zahanati siku ileile, jambo ambalo mwaka 2020 nisingelijua kwa kumtazama tu usoni.

Karibuni nilihudhuria kikao cha wananchi cha bajeti ya wadi. Mapendekezo yaliyosomwa yalikuwa matangi mapya, visima vipya, choo kipya cha sokoni, taa mpya. Nilinyoosha mkono nikaomba kifungu kimoja cha matengenezo ya vilivyopo, kisimamiwe na kamati ambazo tayari zinavitunza, hesabu ibandikwe mlangoni kila mwezi. Karani aliniuliza tena kama nina maana ya kisima kipya. Nikasema hapana. Akaandika chini ya "Mengineyo," akanipa nakala. Kuna kikao kingine mwezi ujao, na safari hii nakwenda na mwadhini, maana yeye ndiye ajuaye bei ya mota, bei ya waya, na malipo ya fundi kwa siku.